Miezi Niliyoandikwa Mtoro

Mheshimiwa Diwani, Mwalimu Mkuu na walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu mliokaa chini kwenye mchanga huu, Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mlioketi pale chini ya mwembe, shikamooni.

Nimeombwa kusimulia utoto wetu wa kijijini. Kabla sijaanza, mjue ombi hili lilitoka wapi. Aprili 2024, maji ya Rufiji yalipovamia mashamba na nyumba za watu, nilikwenda kwenye kambi ya waliohamishwa nikiwa na sufuria la uji. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa akimsaidia mama yake kuanika magodoro. Alinipokea sufuria, tukagawa uji pamoja, na tulipomaliza akaniuliza kwa uchungu: "Bibi Mwalimu, hivi wazee wetu walikuwa na akili gani kwenda kukaa kule chini kwenye maji?"

Swali lile lilinikaa rohoni. Ameliuliza mtoto aliyezaliwa hapahapa Rufiji, ambaye mababu zake wote ni watu wa bonde, na hajapata mtu hata mmoja wa kumweleza. Kosa hilo ni letu sisi watu wazima. Siku ile nilimwambia nitamjibu. Nimemwona, yupo pale nyuma karibu na mlango, na leo namjibu mbele yenu wote.

Mimi nilizaliwa 1963, upande wa kaskazini wa mto, katika nyumba isiyogusa ardhi. Nyumba hiyo ni dungu. Najua ukimtajia mtoto wa leo dungu, anafikiria kile kichanja cha kukalia mchana kuamia ndege. Dungu letu lilikuwa nyumba kamili. Nguzo zake zilikuwa miti migumu ya msituni, imechimbiwa chini sana, na sakafu ilikuwa juu kiasi kwamba baba yangu, mtu mrefu, alipita chini yake na jembe begani bila kugusa kitu. Sakafu yenyewe ilikuwa ya fito zilizopangwa na kufungwa kwa kamba, juu yake mkeka. Kona moja ilisiribwa udongo wa mfinyanzi, tabaka nene, na hapo palikaa mafiga matatu. Tulipika hapohapo juu, tukala hapohapo, tukalala hapohapo, moshi ukipenya kwenye nyasi za paa na kutufukuzia mbu. Ngazi ilikuwa miti miwili yenye vidato saba. Nakumbuka ni saba kwa sababu ndivyo nilivyojifunza kuhesabu: bibi yangu mzaa mama ananishika mkono, mguu mmoja baada ya mwingine, na kila kidato na namba yake. Jioni ngazi ilivutwa juu. Ikishavutwa, hakuna anayepanda wala anayeshuka mpaka alfajiri.

Usiku kule chini palikuwa pa wengine. Mlisikia kiboko akila mpunga? Ni sauti ya kukata, kruu, kruu, kama mtu anayefyeka nyasi kwa mundu butu. Bibi alikuwa na debe bovu amelitundika kwenye boriti, na kando yake mti wa kugongea. Alilala akiwa ameushika ule mti. Akisikia kruu ya kwanza, debe linalia. Madungu ya jirani yanaitikia, moja, jingine, jingine, mpaka bonde zima linalia madebe gizani na kiboko anarudi mtoni akitweta. Kisha kimya, na kutoka dungu la mbali mtu anaita kuuliza kama mko salama. Ndiyo salamu yetu ya usiku ilivyokuwa.

Sasa narudi kwenye swali la kijana wangu: kwa nini kule chini?

Mto huu hauanzii hapa. Mnalisoma hilo kwenye Jiografia, lakini naona hamlioni. Kilombero inakuja na maji ya milima ya Udzungwa, Luwegu inakuja kutoka pande za Songea, zikikutana ndipo linapoanza jina Rufiji, na mbele kidogo inaingia Ruaha Mkuu na maji ya Mbeya na Iringa. Kwa hiyo maji yanaweza kupanda hapa siku ambayo jua linawaka na hakuna wingu. Bibi yangu hakupata kufika Iringa. Lakini jioni za masika alikuwa akichomeka kijiti ukingoni mwa maji, na alfajiri anakwenda kukitazama. Alitazama rangi ya maji, akatazama yamebeba nini: povu, magugu, au miti mizima na mizizi yake. Akirudi anamwambia baba, "Haya ni ya kupita," au anamwambia, "Fungua mtumbwi uulete chini ya ngazi." Mimi sikumbuki akikosea, ingawa pengine alikosea na mimi nilikuwa mdogo.

Na maji yale tulikuwa tunayangoja. Hapa ndipo watu wa nje wasipotuelewa, na sasa naona hata watoto wetu wenyewe. Mpunga ulipandwa kabla ya maji, mvua za kwanza zikianguka, ili maji yatakapofika uwe umeshapata kimo. Mpunga wenye kimo unasimama na maji, yakipanda nao unapanda. Uliochelewa unazama. Lakini hata ukizama wote, hujafa njaa, kwa sababu maji yakirudi mtoni yanaacha tope jeusi, laini, lenye unyevu wa miezi, na hapo mnapanda mlau. Mahindi, kunde, maboga, pamba, hata mvua isinyeshe tone moja. Mwaka ambao maji yalichukua mpunga mwingi ndio mwaka ambao mlau ulikubali sana. Bibi alikuwa na sehemu tatu: moja karibu kabisa na mto, moja katikati, moja kwenye mwinuko. Mwaka wowote ule, maji yaje mengi au machache, moja kati ya tatu ilimlisha. Na maji yaliyopanda yalijaza maziwa yetu, Ruwe, Uba na mengine, yakaingiza humo kambale na perege wa kuvuliwa mpaka kiangazi.

Kwa hiyo, mwanangu, akili waliyokuwa nayo ni hiyo. Walikaa kwenye maji kwa sababu maji ndiyo yaliyowalisha, na wakajenga nyumba yenye miguu mirefu kwa sababu walijua yatakuja.

Masika ya 1968 maji yalikuja kuliko kawaida. Nilikuwa na miaka mitano, na ninayoyakumbuka ni vipande. Nakumbuka kuamka na kuona chini ya fito, katikati ya nyufa za sakafu, kunang'aa. Nilidhani ni asubuhi imeingia kwa chini. Yalikuwa maji. Nakumbuka kuku wamefungwa miguu, wamewekwa kwenye tenga kichwani mwa mama. Nakumbuka baba akihesabu vidato kwa sauti, "Kimebaki kimoja," na bibi akimjibu, "Kimoja ni kingi, tulia." Siku ya pili mjomba alifika na mtumbwi, akauelekeza kwa upondo mpaka mlangoni kabisa, tukaingia kama watu wanaotoka ukumbini. Jirani zetu wawili walipoteza madungu yao mwaka ule, nguzo ziling'olewa. Letu lilibaki.

Baada ya maji ikaja Operesheni. Wazee hapa wanaijua, hamna haja niwaeleze. Vijana wengi wanadhani watu wa nchi hii walianza kuhamishiwa vijijini baada ya tangazo la Mwalimu Nyerere la Novemba 1973. Huku kwetu Operesheni Rufiji ilitangulia miaka mingi, ilianza kufuatia mafuriko hayo ya 1968. Serikali iliona watu wamezingirwa na maji, ikasema watoke bondeni wapande juu, wakae pamoja, wapate huduma. Malori yalikuja. Sisi tulipanda 1969. Bibi alipanda na kinu chake, mchi wake na mbegu zake za mpunga kwenye kibuyu. Alikataa kuviweka na mizigo mingine, akavipakata njia nzima.

Sitasema kijiji kipya kilikuwa kibaya, kwa sababu nitakuwa nasema uongo. Tuliwekwa kwenye viwanja vilivyopimwa, nyumba kwa mistari, na balozi wa nyumba kumi. Bila kijiji kile mimi nisingekuwa mwalimu. Kulikuwa na shule, ya makuti na baadaye ya bati, na mama yangu alimzaa mdogo wangu wa mwisho mbele ya mkunga aliyesomea kazi yake. Na bibi yangu alijifunza kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na jioni akina mama walikaa chini ya mkorosho na vibao vyao, wakisoma kwa sauti kama watoto wa madrasa. Bibi alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima sana. Alikuwa akiniita mke mwenzangu, ule utani wa bibi na mjukuu, na jioni moja akanijia amejaa furaha: "Mke mwenzangu, leo nimeandika jina langu, na limekaa, halikukimbia." Alilifuta kwa kiganja, akaliandika tena, kuhakikisha.

Shida ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa. Tulihamishwa sisi, mashamba hayakuhamishwa. Ardhi ya juu ni mchanga, mnaiona hii mliyokalia. Inakubali korosho na muhogo, haikubali mpunga. Kwa hiyo kila familia ilibaki na nyumba juu na shamba chini, na katikati ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwa wengine saa mbili au tatu. Na zamani, watu walipokuwa wakiishi bondeni, shamba lilikuwa linalindwa na wote. Sasa usiku bonde lilikuwa tupu. Yale madebe yaliyokuwa yakiitikiana hayakuwepo tena. Nguruwe na nyani waligundua hilo kabla ya mtu yeyote kuliandika kwenye ripoti.

Nani angelinda? Baba alikuwa na zamu za kazi za kijiji na alikuwa na mikorosho. Mama alikuwa na mtoto mchanga. Palibaki bibi na mimi.

Kuanzia nikiwa darasa la pili, kila mwaka mpunga ulipoanza kushika maziwa, mimi na bibi tulishuka bondeni na kurudi kwenye dungu letu la zamani, ambalo baba alilikarabati. Tulikaa huko mpaka mavuno. Mei na Juni zilikuwa za ndege. Watoto wa leo mmewaona kwelea kwelea? Wanakuja kama kitambaa kilichorushwa na upepo, maelfu, na wakitua kwenye mpunga kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, jaruba zima ni makapi. Wanaanza kabla jua halijatoka. Kwa hiyo na mimi nilikuwa juu ya kichanja kabla jua halijatoka, na teo mkononi, na rundo la vidonge vya udongo nilivyovifinyanga jana yake vikakaukia juani. Tulikuwa tumevuta kamba kutoka dunguni kwenda pembe nne za shamba, tumezitundika makopo. Mguu mmoja unavuta kamba hii, mkono unavuta ile, mdomo unapiga kelele. Ikifika saa nne jua likawa kali, ndege wanakwenda kivulini na mimi nafumba macho. Saa kumi wanarudi.

Ilikuwa kazi ngumu na ilikuwa raha. Yote mawili yalikuwa kweli, naomba mtu asinichagulie moja. Kulikuwa na watoto wengine kwenye mashamba ya jirani, na tulikuwa na nyimbo za kuamia ambazo mmoja anaanza mstari na mwingine, mashamba mawili mbele, anaumalizia. Kulikuwa na pepeta. Mnaijua kwenye ulimi wenu ladha ya pepeta ya mpunga mbichi? Bibi alivuna masuke machache ambayo hayajakomaa sawasawa, akayapura, akayakaanga kwenye chungu mpaka yakanukia bonde zima, akayatwanga yakiwa ya moto yakawa bapa na laini. Tulikula na nazi iliyokunwa, na kama kuna sukari basi ni sikukuu. Nimekula vyakula vingi tangu wakati ule, kwenye mahoteli na kwenye harusi. Hakuna nilichokula kinachofika pale.

Usiku, ngazi ikishavutwa, ilikuwa shule yangu. Bibi hakusema nakufundisha. Alikuwa akisuka mkeka gizani, kwa vidole tu, na anasema. Akasema hapa tulipo palikuwa na kijito kabla mto haujahama. Akasema nyasi fulani zikiota mahali, tope la hapo lina chumvi, usipande. Akasema Babu wa babu yako aliondoka kwenda Ngarambe kwa Kinjikitile kuchukua maji ya dawa, na hakurudi mtu yule aliyekwenda. Niliposoma habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 darasani, nilikuwa nimeshazijua kwa upande wa waliobaki nyumbani wakingoja. Alinifundisha mafuriko kwa majina. Kila mafuriko makubwa yalikuwa na jina, kama mtoto, kutokana na kilichotokea: aliyezaliwa, aliyekufa, kilichobebwa. Alikuwa nayo majina hayo zaidi ya kumi, na aliyapanga kwa zamu, na kwa majina hayo aliweza kukwambia umri wa mtu yeyote bondeni.

Na kwenye nguzo kubwa ya dungu, ile ya upande wa mto, kulikuwa na alama zilizokatwa kwa panga. Kila maji makubwa, alama yake pale yalipofika. Zote hazikuwa na maandishi. Yalipokuja mafuriko ya 1974, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja, maji yaliporudi bibi alichukua kisu, akakata alama, halafu akakaa akafikiri, na pembeni yake akachonga 7 na 4. Ile 4 aliigeuza. Alisimama nyuma akaitazama kama alivyolitazama jina lake siku ile chini ya mkorosho. Hiyo ndiyo alama pekee kwenye nguzo yetu iliyokuwa na mwaka.

Sasa niwaambie habari ambayo sijapata kuisema hadharani.

Niliporudi shuleni mwaka ule, na kila mwaka, mwalimu alifungua daftari la mahudhurio mbele ya darasa. Kwenye jina langu, Mei yote na Juni mpaka likizo, palikuwa na mstari mmoja mrefu wa alama nyekundu, na mwishoni neno moja: mtoro. Tuliitwa mbele, watoro wa bondeni, mimi na wenzangu tulikuwa zaidi ya kumi. Tulichapwa. Sitaji shule na sitaji mwalimu. Alikuwa kijana, ametoka mkoa wa mbali, alikuwa akifuata alichoagizwa. Lakini nilichapwa kwa kulinda chakula ambacho ndicho kilichoninunulia sare. Na jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba shule hiyohiyo ilikuwa na shamba la Elimu ya Kujitegemea, na waraka wa Mwalimu Nyerere wa 1967 ulisema wazi kwamba shule iwe sehemu ya maisha ya wanakijiji wanaoizunguka, mtoto asitenganishwe na kazi ya wazazi wake. Maneno yalikuwapo. Daftari la mahudhurio halikuyajua.

Nilimaliza, nikachaguliwa, nikasoma ualimu. Nikarudi Rufiji kufundisha, mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Ikaja Mei. Viti vikaanza kuwa vitupu. Nikafungua daftari langu, nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika: mtoro. Kwa mtoto mmoja, kwa wa pili, kwa mstari mzima. Mimi. Niliyekuwa naijua harufu ya pepeta. Nilifanya hivyo miaka kadhaa, nikaita wazazi ofisini, nikawasema mbele ya watoto wao kwamba hawathamini elimu. Baba mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, wewe si mjukuu wa fulani, wa dungu la kule ukingoni? Mbona ulikuwa mwamizi hodari?" Akachukua kofia yake akaondoka.

Sikulala usiku ule. Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu mkuu wangu nikaomba watoto wa bondeni wapewe kazi za kwenda nazo: wahesabu ndege, wapime kina cha maji kila asubuhi, waandike nyimbo. Alikubali nusu. Nilifanya na hiyo nusu. Lakini wale wa miaka ya kwanza niliwakosea, na baadhi yao wako hapa leo, ni wazazi wa hawa waliokaa mchangani. Mnajijua. Naomba mnisamehe. Nawaomba kwa dhati.

Bibi alifariki kabla sijamweleza habari hiyo. Baada yake hapakuwa na wa kulala dunguni. Wajomba walizeeka, vijana wakaenda Dar es Salaam. Niliposhuka bondeni baada ya mvua za El Niño za 1998, dungu lilikuwa limeanguka na nguzo hazipo. Nimeuliza sana. Nguzo nzuri haikai bila mwenyewe, pengine ilikwenda kwenye jiko la mtu, pengine ilikwenda na maji. Alama zote zilikwenda nayo. Najua tu kwamba ile ya 74 ilikuwa juu ya kichwa changu, na najua nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Hicho ndicho kipimo kilichobaki.

Mengi yamebadilika, na mengine ni mema. Mlioanza kusafiri baada ya 2003 mnapita Daraja la Mkapa mkiwa mmekaa kwenye viti vyenu, hamjui kulala Ndundu mkingoja kivuko. Kule juu kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Nchi inahitaji umeme huo na mimi mwenyewe jioni nasoma kwa taa yake. Lakini mto uliozuiwa hauleti maji wala tope kwa namna uliyokuwa ukileta, na tabia yake mpya hakuna bibi aliyeijifunza bado. Mwaka 2024 tuliiona. Watu walikuwa wakipigiana simu kuulizana maji yatafika wapi, na hapakuwa na nguzo ya kutazama. Wataalamu wana mitambo yao ya kupimia, na waitumie. Ila mitambo hiyo haijui 1968 maji yalisimama wapi kwenye shamba la mjomba wangu, wala haijui ni mwinuko gani ambao katika mafuriko yote yale kumi na zaidi haukupata kufunikwa. Hayo yanajulikana na watu. Na watu hao, nawahesabu pale chini ya mwembe, leo ni wanane. Mwaka jana kwenye Idi walikuwa kumi na mmoja.

Kwa hiyo, kijana wangu, njoo mbele. Usione haya, njoo.

Hili ni daftari la mahudhurio, jipya, nimelinunua dukani jana. Lina safu za majina na safu za siku. Nimezungumza na Mwalimu Mkuu na amekubali: badala ya majina ya wanafunzi, mtaandika majina ya mafuriko. Kila mafuriko na mwaka wake kama unajulikana, yalifika wapi, yalichukua nini, mlau wake ulikuwaje, na nani amesema. Ukurasa wa kwanza nimeujaza mimi, majina manne niliyoyakumbuka kati ya yale ya bibi. Mengine yamenitoka, na nimejaribu sana.

Yule mzee wa kofia nyeupe, aliyeegemea shina, mwaka 1968 alikuwa kijana wa kushika upondo. Ndiye aliyetutoa dunguni. Ni mjomba wangu. Anasikia kwa sikio la kulia, kwa hiyo kaa upande huo. Mwamkie kwanza, halafu muulize mwaka ule maji yalibakisha vidato vingapi kwenye madungu aliyoyafikia, moja baada ya jingine, na usimharakishe.

Nenda. Ameshakusogezea mkeka.